Kibla ya Mkunazi

Ndugu yangu Himid akienda kazini havai chuma. Wallahi si masihara. Mshipi wa suruali yake una kifungo cha plastiki, viatu vyake havina msumari hata mmoja, na mkewe Fawziya alikaa siku chungu nzima akifumua zipu za makoti yake na kushona vifungo badala yake. Watu wa mtaani kwetu Ibra, huku Omani, walipoyasikia hayo wakaanza maneno yao. Mara Himid amekuwa walii, mara anatafuta hazina ya majini. Nikawaambia waache upuuzi. Himid anapima sumaku ya ardhi, na chombo anachopimia kina masikio makali kuliko majirani, kinausikia hata ufunguo uliosahauliwa mfukoni.

Mimi ni Badria, dada yake mkubwa, mwalimu niliyestaafu, ninakaa Birkat al Mauz kwa mume wangu. Kazi ya Himid nitaieleza mara hii moja tu, maana nimechoka kuulizwa. Dunia ina ganda la mawe. Mawe mengine yana chuma ndani yake, mengine hayana, na yenye chuma yana sumaku yao. Sasa ile nchi ya barafu iliyo kusini kabisa ya dunia, mawe yake hayaonekani, yamefunikwa na barafu nene yenye kimo cha milima. Kwa hivyo wanaruka na ndege ndogo, chombo kimefungwa mkiani mbali na injini, wanakwenda moja kwa moja kisha wanarudi, mstari ubavuni mwa mstari, kama mtu anayepiga deki ukumbi. Chombo kinaandika sumaku ilipopanda na iliposhuka. Mwisho wanachora ramani ya mawe ambayo hakuna mwanadamu aliyeyatia machoni. Ndiyo kazi yenyewe. Si dhahabu, si mafuta, na majini hayamo.

Tangu utotoni alikuwa hivyo. Baba alikuwa na redio mbovu, Himid akaivunja akatoa sumaku ya spika, akawa anaikokota kwenye mchanga wa wadi, lile bonde la mto mkavu, mchana kutwa, inarudi imeota ndevu nyeusi za unga wa chuma. Unga huo akiuhifadhi kwenye sufuria za mama, na mama akimfukuza nao mpaka nje. Wenzake wanacheza mpira, yeye na sumaku yake. Mtoto wa kimya, ukimuuliza kitu anakujibu baada ya wewe kusahau ulichouliza.

Alipomaliza chuo alifanya kazi kwenye hii milima yetu myeusi, Ibra mpaka Nizwa, na watu waliokuwa wakitafuta shaba. Halafu akachukuliwa na jamaa wa nchi za nje wanaopima kule kwenye barafu. Kwao kule kiangazi ni wakati wa baridi yetu, basi kila mwaka hali ya hewa ikianza kuwa nzuri huku, watu wanakwenda kutembea na kuchoma nyama jangwani, Himid anafunga mizigo. Mama alikuwa akisema mwanawe anaikimbia baridi ya Ibra akaifuate iliyo kali zaidi.

Mama yetu ni Bi Ghaniya. Kazaliwa Unguja mjini, kakulia mtaa wa Malindi, kaolewa huko huko na baba yetu, Mzee Harub, ambaye asili yake Ibra lakini naye kazaliwa Unguja. Walihamia huku Omani mwanzoni mwa miaka ya sabini, mimi ni mtoto mdogo wa kushikwa mkono. Nakumbuka joto, na nakumbuka kwamba hakuna aliyenielewa nikiomba maji. Wenzake mama walikuja na dhahabu zao zimeshonwa ndani ya nguo. Yeye alikuja na kanga zake na mbuzi. Mbuzi ya kukunia nazi, msije mkafikiria nyingine. Ndani kabisa ya Sharqiyah, mkoa wetu huu, mahali ambapo nazi haijulikani hata umbo lake, mama yangu kafika na mbuzi ya kukunia nazi kwapani.

Mbuzi ile mpaka leo ipo jikoni kwake, kibao chake tu. Ulimi wake wa chuma haupo, pamebaki tundu. Sisi watoto tuliikalia kama kigoda. Nilipokuwa nikimuuliza ulimi uko wapi, alikuwa akiniambia umeliwa na kutu, na mimi nikaamini, maana kwa nini nisiamini.

Mwaka ule ule wa kwanza mama alijifungua mtoto wa kike, wakamwita Kaltham. Hata kukaa hajajua, likaja joto la kiangazi likamkuta kwenye nyumba ya udongo tuliyofikia, akapata homa, akafa. Wanaume walimbeba wakenda kumzika makaburi ya mtaa, pale kandoni mwa wadi penye mkunazi mkubwa. Mama hakwenda, wanawake wa huku hawendi makaburini. Himid alikuja kuzaliwa miaka mingi baadaye, tumeshahamia nyumba ya matofali, Kiswahili ndani, Kiarabu nje, na Kiarabu kikashinda. Kiswahili cha Himid ni cha kuokota. Mpaka leo, mtu mzima na mvi zake, ananiambia “chakula yangu”, na mimi mwalimu natamani kumpiga kofi.

Sasa yanayofuata niliyajua mwishoni, lakini nitayaeleza mahali pake ili msipotee njia.

Mwaka juzi Himid alikwenda kumuaga mama kabla ya safari. Mama akamtuma Fawziya jikoni kwa kahawa ambayo hakuitaka, akamkalisha Himid karibu yake, akamwambia jambo alilolifungia kifuani tangu ujana wake. Kaltham alipokufa, mama aliingiwa na khofu. Makaburi ya Ibra hayana maandishi, ni jiwe la kichwani na jiwe la miguuni, basi, yote sawasawa. Yeye ametoka kuyaacha makaburi ya wazee wake Unguja, na sasa anamtia mtoto wake katikati ya mawe asiyoyajua, ya watu asiowajua. Akauchomoa ulimi wa mbuzi kwa mikono yake, akauviringisha kwenye kipande cha kanga, akampa baba autie kichwani mwa kaburi, ndani ya udongo. Baba alinung'unika. Alisema watu wakiona watasema uchawi wa Waswahili huo, nasi ni wageni hapa. Lakini akautia ndani ya dishdasha, kanzu yake, akaenda, akafanya, akarudi akamweleza mama mahali penyewe.

Baba akafa. Baadaye ikaja mvua kubwa, ile ya kimbunga, wadi likafurika likaingia makaburini na kusomba mawe ya upande ule wote. Kila Jumatano mama akienda soko la wanawake alikuwa akipita hapo kwa gari, anautazama mkunazi mpaka unapotelea nyuma. Wengine tulidhani anasinzia. Kumbe yumo kumtazama mtoto.

Alichokitaka ni kimoja. Azikwe ubavuni mwa Kaltham. Sitaki kulala na wageni, alisema.

Akamwambia, “Wewe unakwenda kutafuta chuma chini ya barafu ya watu. Nitafutie na changu. Yuko kibla ya mkunazi, karibu na shina. Usimwambie mtu, wala Badria, yule mdomo wake hauna mlango.”

Ndivyo alivyosema, mdomo wangu hauna mlango. Nimemsamehe, na wala hakusema uongo. Lakini laiti angeniambia mimi. Laiti wangeniambia mmoja wao.

Himid akaapa kwamba akirudi, jambo la kwanza ni hilo. Ndege yake ilikuwa kesho yake na chombo kiko Nizwa kwa rafiki yake Sami. Mama akasema hana haraka, hajafa bado.

Kutoka kule kwenye barafu alikuwa akipiga simu Ijumaa. Mimi siku hizo nilikuwa nakuja Ibra kukaa na mama, basi tunaweka simu katikati ya busati, sauti inakuja kidogo inakatika. Alitueleza kwamba huko jua halitui, linazunguka tu juu ya vichwa vyao, anaswali kwa saa. Kwamba jua likichafuka, sumaku ya dunia nayo inachafuka hata mbingu zikiwa safi, na chombo chao kilichobaki chini kinawaambia, nao yote waliyoyapima siku hiyo wanayatupa na kuanza upya. Alisema mawe yaliyo chini ya barafu ile zamani yalikuwa yameshikana na mawe ya Afrika na ya Bara Hindi, nchi moja, kisha yakaachana. Mama alilipenda sana hilo. Akasema kumbe na mawe nayo yamehama.

Ijumaa moja akamuuliza kibla anakijuaje huko. Himid akaanza kueleza, dira huko haifai, wanapiga hesabu, na mambo mengi. Kisha akasema kwamba walikwenda mpaka nchani penyewe, mwisho wa kusini, na pale mtu akisimama hakuna tena mashariki wala magharibi. Mbele kaskazini, nyuma kaskazini, kulia na kushoto kaskazini.

Mama akasema, “Basi huna taabu, mwanangu. Kila upande kibla.”

Himid alicheka mpaka akakohoa. Alituambia baadaye kwamba aliwafasiria wenzake nao wakacheka. Mimi pia nilicheka, nilifurahi kumsikia Himid akicheka, maana si mtu wa kucheka. Mama mwenyewe alitutazama tu, akaendelea kuchambua mchele wake.

Kiharusi kilimpata siku si nyingi baada ya hapo. Asubuhi, kwenye mchele ule ule wa kila siku, sinia likamponyoka. Nilipotoka jikoni nilimkuta kalala ubavu na punje zimejaa mapajani. Spitali wakatuambia upande wa kulia umekufa na kauli imekwenda. Himid nilimpata kwa simu siku hiyo hiyo, lakini kuondoka kule si kama kuondoka Sur, hapo pwani. Upepo ulishika, ndege haitui, anangoja kwenye hema huku mama yake anangoja kitandani. Alipofika alikuwa amekonda, uso umebabuka na jua la barafu, pua inamenyeka. Alikuja moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege na buti zake zile zisizo na msumari.

Alimbusu paji la uso, akasema, “Shikamoo, Mama.”

Siku zote mama alikuwa akiijibu shikamoo hata akiwa na hasira na wewe, anaijibu kwa kukuvuta sikio. Himid akasimama akingoja. Mama akamtazama kwa macho, midomo ikatikisika, hakikutoka kitu. Himid akarudia kusema shikamoo, kwa sauti ndogo zaidi, akainama pale pale karibu na mdomo wake kama anayesikiliza. Nikatoka nje, sikuweza.

Tangu siku hiyo kila asubuhi alikuwa akipotea. Mimi nikadhani anazunguka na huzuni zake, kumbe yuko makaburini na chombo alichokiazima kwa Sami. Wazee wa mtaa aliwaambia anajaribu chombo, wakamwachia, wamemzoea. Akapiga vigingi vya mti na kufunga kamba, akawa anatembea na chombo kilichofungwa kwenye fimbo mkononi, mstari ubavuni mwa mstari, upande wa magharibi wa mkunazi. Magharibi ndiko kibla, kwa mtu wa Ibra hakuna cha kuuliza. Ndiko tunakoswalia, ndiko misikiti yote inakoelekea, ndiko maiti wote wa hapo walikolazwa wakatazama.

Aliniambia kule kwenye barafu kazi ilikuwa nyepesi kuliko pale. Kule mawe yako mbali chini, sauti ya sumaku yao inafika imetulia, unaisoma kama mtu anayezungumza nawe taratibu. Lakini mawe meusi ya Ibra yamejaa chuma na mtu umeyakanyaga, kila kokoto inapiga kelele. Mara ya kwanza hakuambulia kitu. Akarudia kwa mistari ya karibu zaidi. Akarudia kwa kuikata ile ya kwanza. Na mwisho, hatua chache kutoka shinani, akakipata. Mahali pamoja padogo, chombo kinapanda ghafla na kushuka ghafla, si kama jiwe, kama chuma kilichofanywa na mtu kikazikwa karibu. Akakijia kutoka upande wa pili, kile kile. Akaweka jiwe jeupe hapo.

Mimi nilikuwepo alipokuja kumwambia mama. Alimwinamia sikioni, sikusikia alichosema. Sasa najua alisema, “Nimempata, Mama. Kibla ya mkunazi, huku huku kwetu, magharibi, kama ulivyosema.”

Mama alifungua macho. Mkono wake wa kushoto, ule mzima, ukanyanyuka ukawa unapapasa hewani kuelekea dirishani, unasukuma, unarudi, unasukuma. Himid akaushika mkono ule akaubusu, akadhani anamuombea dua. Mimi nikadhani anataka maji. Nikampa maji kwa kijiko, akayatema. Tukasema maskini, hata maji hayapiti tena.

Hakukaa sana baada ya hapo. Alikufa mchana, mimi na Fawziya tupo. Nilimuosha mwenyewe kwa maji ya majani ya mkunazi, kama wanavyooshwa maiti wote, nikamsuka nywele zake nyembamba. Wanaume wakaja wakamchukua. Nilisimama mlangoni mpaka jeneza likageuka kona, na baada ya hapo ya kaburini ninayo kwa kauli ya Himid tu.

Yeye ndiye aliyewaonyesha wachimbaji pa kuchimba. Aliwaambia wachimbe ubavuni mwa lile jiwe jeupe, wasiliguse jiwe lenyewe. Wakachimba, kaburi likakamilika, maiti kashaletwa, watu wameshakaa mkao wa kungoja. Ndipo ukingo wa upande wa jiwe jeupe ulipomomoka kidogo, na ndani ya ule udongo kikaanguka kipande cha chuma. Mchimbaji akakiokota akakitupa kando. Himid akakitazama. Kilikuwa kipande cha springi ya gari, kimekunjika na kutu, tundu la bolti bado lipo. Kililetwa na mafuriko kutoka Mungu ajuaye wapi.

Jamani, mtu afanye nini hapo? Watu wote wamesimama juani, mama yake yuko kwenye sanda pembezoni mwa kaburi, aseme ngojeni kwanza nimekosea? Na akisema, awapeleke wapi? Alishuka ndani ya kaburi mwenyewe akampokea, akamlaza ubavu wa kulia, uso magharibi. Akasaidia kumfukia.

Siku ya pili ya azaa, matanga ya mama, baada ya Alasiri, wanawake walipungua nami nikaingia jikoni kuosha vikombe vya kahawa. Himid akaja akasimama mlangoni. Nilidhani amekuja kuniambia wanaume wanataka kahawa nyingine sablani, kwenye ukumbi wao, nikataka kumfokea. Akaanza kusema. Akasema yote, tangu ulimi wa mbuzi mpaka springi ya gari, kwa ule upole wake, nusu Kiarabu nusu Kiswahili, mikono ikining'inia. Sikumkatiza, na wanaonijua watashangaa. Alipomaliza nikamuuliza kitu kimoja. Nikamwambia aniambie maneno ya mama kama alivyoyasema yeye mwenyewe, kwa Kiswahili, asiyafasiri.

“Kibla ya mkunazi,” akasema. “Karibu na shina.”

“Na wewe umepima wapi?”

“Magharibi. Pote magharibi, nimepamaliza.”

Nilikaa. Kilichokuwa karibu ni kibao cha mbuzi, nikakaa hapo hapo.

Unguja, Makka iko kaskazini. Watu wa mama yangu wakisema kibla, wanasema pa kuswalia na wanasema kaskazini, kwao ni neno moja. Nyumba ya upande wa kibla ni nyumba ya kaskazini. Kwenye ile nyumba ya udongo mama alikuwa akiniambia nikafungue dirisha la kibla hewa iingie, nami nakwenda kufungua dirisha la kaskazini, lililotazama mlima. Himid hajaiona nyumba ile. Alipopata akili mama keshajifunza kuiita kaskazini shamali kama watu wa huku, na akiswali anageukia magharibi kama watu wa huku. Lakini mambo ya zamani aliyasema kwa maneno yake ya zamani. Kaltham alipozikwa, mama alikuwa bado hajazoea kibla kingine.

Niliwaza kunyamaza. Nasema kweli, niliwaza kuyameza nife nayo, maana kutakuwa na faida gani? Lakini alikwisha kuniona uso.

“Himid,” nikamwambia, “kibla cha mama ni kaskazini.”

Akageuka akatazama ukuta wa jikoni, ukuta mtupu, kana kwamba kuna kitu kimeandikwa. Nikahesabu mwenyewe moyoni yanayompitia. Mkono wa mama uliokuwa ukisukuma kuelekea dirishani. Dirisha la wodi lile linatazama kaskazini. Na simu.

“Kila upande kibla,” akasema. “Alikuwa hafanyi mzaha, Dada. Alikuwa akinijibu. Na mimi nikamcheka.”

Akakaa chini sakafuni na dishdasha yake nyeupe ya azaa, akalia. Sikumwona akilia tangu baba alipomvunjia ile sumaku yake.

Asubuhi ya siku ya tatu, watu hawajaanza kuja, tulikwenda pamoja. Najua wanawake hawaendi makaburini, na siku hiyo ningependa kumwona wa kunizuia. Kabla hatujashuka garini aliniambia nivue vibanio vya nywele, na pini ya mtandio, na simu niiache. Nikamuuliza bangili zangu. Akasema dhahabu haina neno, sumaku haiijui dhahabu. Nikafunga mtandio kwa fundo, nikamshikia ncha ya kamba, naye akashika ile fimbo, akaanza kutembea upande wa kaskazini wa mkunazi.

Alikwenda na kurudi. Mimi nahamisha kamba hatua moja, yeye anakwenda na kurudi. Nilimtazama nikaelewa anavyokuwa kule kwao kwenye barafu, hana haraka, hamtazami mtu. Kisha akasimama. Akarudi nyuma kidogo, akaja tena. Akaniambia nihamie upande wa pili, tukaivuta kamba kwa kuikata, akatembea tena, akasimama pale pale.

Akaiweka fimbo chini mbali, akachuchumaa, akatia kiganja kwenye changarawe.

“Yupo,” akasema.

Nikamuuliza ana hakika gani, maana hata mara ya kwanza alikuwa na hakika. Akasema springi ile ilikuwa kubwa na imekaa ovyo. Hiki ni kidogo, chembamba, kimelala sawa, ncha moja inatazama kusini na nyingine kaskazini, na kiko kina cha kaburi la mtoto mchanga. Hatukuchimba. Nani angechimba? Lakini nilijua. Niliukalia ule mwili wa mbuzi utoto wangu wote na huu hapa ulimi wake, umelala kichwani mwa mdogo wangu, pale pale mama aliposema.

Na mama yuko kule. Si mbali, sauti ya mtu mmoja ingefika kwa mwingine. Mkunazi uko katikati, na kwa kuwa amelazwa magharibi ya mti akatazama magharibi, amempa mtoto kisogo. Kumfukua haiwezekani, nilijua bila kumuuliza shekhe, mtu akishazikwa kwa salama haondolewi kwa jambo kama hili. Nililia kwa hasira. Nilimkasirikia baba kwa kuwaogopa watu, nikamkasirikia mama kwa siri yake, nikamkasirikia Himid ambaye mwalimu yuko nyumbani mwao na yeye hajui Kiswahili cha mama yake. Mwanamke aliomba kitu kimoja, mtoto wake anacho chombo cha kukitafuta, na amekilipia kwa miaka ya kazi yake yote, na bado amelala na wageni.

Himid alikwenda kaburini kwa mama, akaling'oa lile jiwe jeupe alilokuwa ameliweka. Akakaa nalo mkononi. Nikadhani atalitupa. Akalileta mpaka kaskazini ya mkunazi, akaliweka chini taratibu.

“Kule kwenye barafu, Dada,” akasema, “nisingemkosa.”

Nikamwambia kweli, kule kila upande kibla, asingemkosa. Tukakunja kamba, nikabana nywele zangu garini, tukarudi nyumbani kupokea watu.